Pointi za Mezani

Mwaka ule sikuweza kukaa kitako. Matokeo ya kidato cha sita hayakunifikisha nilikotaka, udaktari ukanipita mbali, na Baba akanipeleka kwenye chuo kidogo cha ugavi na forodha, ghorofa ya tatu ya jengo moja Kariakoo, juu ya maduka ya masufuria na ndoo. Madirisha ya darasa yalitazama mtaani. Mwalimu akieleza taratibu za kutoa kontena bandarini, sisi tulisikia spika za wauza viatu, kengele za maguta, zile baiskeli za mizigo za magurudumu matatu, na wabeba mizigo wakipiga kelele, "Pisha! Pisha!" Mguu wangu wa kulia ulitikisika wenyewe chini ya dawati mpaka waliokaa mbele yangu wakawa wanageuka kunitazama. Nyumbani, juu ya duka letu la vitambaa, nilitembea kutoka sebuleni hadi jikoni na kurudi, bila kufuata kitu. Mama aliniuliza kama nimepandwa na pepo wa miguu.

Haikuwa huzuni. Ilikuwa kama muwasho, ila si wa kwenye ngozi, na sikujua nijikune wapi.

Ndipo mwalimu wetu wa takwimu alipoingia darasani na mpira wa raga kwapani. Alikuwa kijana mrefu, aliyesoma Nairobi na kuicheza raga huko. Alisema kuna ligi ya vyuo, ya wasichana, na anatafuta watu wa kukimbia. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Sikujua hata huo mpira unachezwaje.

Kwa asiyeijua, raga inachezwa na mpira wenye umbo la yai. Unaubeba mikononi, unakimbia nao hadi nyuma ya mstari wa wapinzani, halafu unaugusisha ardhini. Hiyo ndiyo trai, ndilo bao lenyewe. Anayetaka kukuzuia anaruhusiwa kukukamata kiunoni na kukubwaga. Na ukitaka kumpa mwenzako mpira, lazima awe nyuma yako, kwa sababu kuurusha mbele ni kosa. Sisi tulicheza ile ya watu saba kwa saba. Chuo kizima kilitoa wasichana tisa waliokuwa tayari kubwagwa.

Uwanja hatukuwa nao. Tulifanyia mazoezi Gerezani, kwenye kipande cha ardhi nyuma ya gereji, karibu na reli, asubuhi kabla ya vipindi. Kabla ya kuanza tulijipanga mstari mmoja tukaenda tumeinama kutoka upande huu hadi ule, tukiokota boliti, vipande vya bati na vioo vya taa za magari. Mafundi walikuwa wakifungua gereji zao, wanatuangalia.

"Dada zetu," mmoja alikuwa akituambia karibu kila siku, "hilo yai likipasuka mtakula nini?"

Aliyemjibu alikuwa nahodha wetu. Alikuwa binti wa Masasi, mpana wa mabega, mchache wa maneno, aliyekuwa anakaa kwa mjomba wake pale pale Gerezani na kumsaidia kuuza spea kabla ya kuja chuo. Mafundi walimjua. Siku moja alimrushia yule fundi mpira kifuani kwa nguvu, fundi akaudaka huku anarudi nyuma akiyumba, wenzake wakamcheka mpaka wakaacha spana chini. Baada ya hapo walitusaidia kuokota boliti.

Mimi na nahodha tulipatana upesi, pengine kwa sababu hatukufanana. Yeye alitulia kama gunia la mchele. Mimi nilikuwa nacheza pembeni, mahali pa wenye mbio, na mbio nilikuwa nazo. Mtu aliyekulia Kariakoo anajua kupenya. Anajua kumkwepa mwenye mzigo kichwani na mkokoteni unaokuja kwa nyuma. Kilichonishinda ni kungoja. Mpira haujafika mikononi, mimi nishaondoka.

"Shosti, unakimbilia nini?" nahodha aliniuliza. "Mpira huku, wewe kule."

"Sijui. Miguu."

"Basi iambie miguu isubiri mikono."

Mama alinishonea hijabu ya kuchezea kwa kitambaa cha kuvutika kutoka dukani, na suruali ndefu ya kubana ya rangi ile ile. Baba hakukataa. Aliona ni jambo la kupita, kama lile darasa la Kifaransa nililoanza nikaacha.

Mechi ya kwanza tulicheza Upanga, kwenye uwanja wenye nyasi. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kukimbia juu ya nyasi. Tuliteleza kama watu waliovaa sabuni. Tulifungwa mpaka wapinzani wakaanza kucheka, halafu wakaacha kucheka, halafu wakaanza kutuhurumia, na hapo ndipo palipouma. Nilirudi nyumbani nina goti lililochubuka. Baba alikuwa dukani anapima kitenge cha mteja.

"Mmefungwa?"

"Tumefungwa."

"Ngapi?"

"Nyingi."

"Nyingi ndiyo ngapi?"

Nikamtajia. Mkono wake ukasimama juu ya kitambaa, na mteja naye akanitazama.

"Na nyinyi mmewafunga ngapi?"

"Hatukufunga."

Alimalizia kupima, akakata, akakunja, akamkabidhi mteja. Halafu akasema, bila ukali, "Mwanangu, mimi mzigo usiotoka nauondoa kwenye rafu."

"Sisi si mzigo, Baba."

"Ndiyo nakuuliza, ni nini?"

Nilipanda ngazi mbili mbili kwenda juu, nikashuka, nikatoka nikazunguka mtaa mzima, nikarudi.

Tuliendelea kufungwa. Tulifungwa kwenye mvua na kwenye jua. Tulifungwa na timu yenye basi lake na daktari wake, tukafungwa na timu iliyokuja imevaa soksi za rangi tofauti. Mmoja wetu aliteguka bega, akaacha. Mpira tuliuangusha, tuliurusha mbele, tuliwapa wapinzani mikononi kama zawadi. Na mimi kila baada ya mechi nilizidi kuwashwa. Watu walidhani kufungwa kunamchosha mtu. Mimi kulinizidishia kukimbia. Nilikuwa naenda mazoezini kabla ya wote, nasubiri nje ya gereji zilizofungwa, narukaruka penye baridi ya alfajiri.

Katikati ya msimu kocha wetu, yule mwalimu wa takwimu, akapata kazi serikalini, Dodoma. Alituambia pale pale uwanjani, ameshika filimbi, anaizungushazungusha kwenye kamba yake. Tulimpongeza kama inavyotakiwa. Kisha akaivua ile filimbi shingoni akamvalisha nahodha.

"Mimi?" nahodha akasema.

"Wewe hukasiriki," kocha akamwambia.

Hapo alikosea, ila sote tulikuja kulijua hilo baadaye.

Nahodha alitufundisha kwa namna yake. Hakuwa na michoro ubaoni. Alitukimbiza, akatubwaga mmoja mmoja, akatuinua, akasema, "Tena." Tukaanza kuangusha mpira mara chache. Tukafungwa kidogo kuliko zamani. Na Baba, sijui kwa nini, Jumamosi moja alimwachia baba mdogo duka, akaja Upanga.

Nilimwona katikati ya mchezo. Alikuwa amesimama pembeni na kanzu yake na kofia, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kukagua nyumba ya kupanga. Mchezo wenyewe hakuuelewa hata kidogo. Kila tuliporusha mpira nyuma aliona tunapotea.

"Mbele!" akapiga kelele. "Mbele! Mbona mnarudi?"

Uwanja mzima ukacheka. Hakujali. Mechi iliyofuata alikuja tena, akapiga kelele zile zile. Nilipomweleza sheria njiani, aliniambia amezielewa, ila haoni faida yake.

Basi tulikuwa tumebaki na mechi mbili, bila ushindi hata mmoja, tulipopangiwa kucheza na chuo kimoja cha uuguzi kutoka mkoa wa jirani. Nao walikuwa karibu na mkia, hatua moja tu juu yetu. Wiki nzima tulizungumza mechi hiyo peke yake. Mafundi wa Gerezani walituambia tukifungwa tena tusipite kwao.

Wauguzi walifika wamechelewa, vumbi mpaka kwenye kope. Gari lao lilikuwa limeharibika njiani, wakakaa juani muda mrefu, na wawili kati yao walikuwa wanatapika. Walihesabiana wakabaki sita. Kwa sheria ya ligi, timu isiyotimia saba inapoteza mchezo. Refa akamwita nahodha wetu na nahodha wao, na sisi tukasogea tusikie.

"Chuo chenu kina pointi za mezani," refa akamwambia nahodha wetu. "Sema tu, nipige filimbi, tuende nyumbani."

Tuliruka. Ninaikumbuka ile furaha, wala sikuona haya. Tulikumbatiana, mmoja akaanza kulia. Mimi nilishaanza kufikiria nitakavyoingia dukani nimwambie Baba tumeshinda, na yeye ataniuliza ngapi.

Nahodha hakuruka. Alikuwa anawatazama wale wasichana sita waliokaa kwenye nyasi, wengine wamekwisha kuvua viatu.

"Tucheze," akasema.

"Tucheze nini?" mmoja wetu akamuuliza. "Si tumeshinda?"

"Tumemshinda nani?"

"Msimu mzima tunabwagwa kama magunia, leo tumepewa, unakataa?"

"Sijakataa ushindi. Nataka tuupate. Wamechoka, tutawafunga. Nataka niende kwa mjomba nimwambie tumewafunga, si kwamba gari lao liliharibika."

Walibishana. Refa akaonya kwamba tukikubali kucheza, matokeo ya uwanjani ndiyo yatakayohesabiwa, ya mezani yamekufa. Nahodha akasema sawa. Sisi siku ile tulikuwa wanane, maana yake mmoja angekaa benchi. Akasema tutawaazima huyo mmoja ili watimie saba. Kisha akatutazama, akaninyooshea kidole.

"Nenda wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Benchi hutakaa. Utatusumbua kwa kurukaruka." Akamalizia, "Halafu wewe hujawahi kufunga."

Alisema bila nia mbaya, ilikuwa kweli. Kati yetu hakuna aliyewahi kufunga trai. Lakini liliniingia. Nilivaa jezi ya wauguzi juu ya yangu, bado mbichi kwa jasho la yule aliyekuwa anatapika, nikaenda kusimama pembeni, upande ambao si wangu. Nahodha wa wauguzi alinishika bega.

"Dada, ahsante. Wewe kimbia tu, sisi tutakupa."

Baba alikuwa mahali pake. Nilimwona anamuuliza kitu mtu wa karibu yake, akinionyesha.

Kipindi cha kwanza niligusa mpira mara chache. Ulikuwa mchezo mbaya, wa watu waliochoka na watu waliojaa wasiwasi. Wauguzi walipata trai moja ya bahati, mpira uliwadundia vizuri. Kisha, mapema kipindi cha pili, nahodha wetu akachukua mpira karibu na mstari wao, akainamisha kichwa, akawaburuta wasichana wawili waliomng'ang'ania, akaanguka nao nyuma ya mstari na mpira chini yake. Trai yetu ya kwanza ya msimu. Wenzangu walimrukia mpaka akafunikwa. Mimi nilisimama mbali na jezi isiyo yangu, mikono imeinuka nusu, nikaishusha. Sikujua kama inaruhusiwa.

Tukawa sawa kwa sawa. Refa akaanza kuangalia saa yake.

Mpira wa mwisho ulitoka katikati, ukapita kwa mmoja, kwa wa pili, ukaja kwangu. Na safari hii niliungoja. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Mwaka mzima nilikuwa naondoka kabla, na siku ile, kwa kuwa sikutegemea kupewa, nilikuwa bado nimesimama. Uliponigusa mikononi, mbele yangu palikuwa peupe. Aliyetakiwa kunizuia alikuwa mwenzangu wa darasani, na nilijua mguu anaopenda kuanza nao. Nikampita. Nikasikia nyuma yangu pumzi ninayoijua, pumzi ya mtu anayenibwaga kila asubuhi huko Gerezani. Nahodha alinifikia. Mkono wake ukanishika kiunoni, vidole vikavuta zile jezi mbili, ya juu ikateleza juu ya ile ya chini, akabaki na kitambaa. Niliyumba, sikuanguka. Nikavuka mstari nikaulaza mpira chini.

Pakawa kimya upande wetu wote isipokuwa sauti moja.

"Ndiyo hivyo! Mbele! Ndiyo hivyo!" Baba alikuwa ameingia uwanjani, kofia imekaa upande, anapiga makofi juu ya kichwa. Wauguzi walikuja wakaninyanyua. Kutoka juu ya mabega yao nilimwona nahodha wetu amekaa kwenye nyasi, miguu imenyooka mbele, anaitazama mikono yake.

Filimbi ya mwisho ikalia. Tulikuwa tumefungwa tena, na aliyetufunga ni mimi.

Nilimfuata alipokuwa anafungua viatu.

"Ungeanguka," akasema, hajanitazama.

"Nilidhani nitaanguka. Ulinishika."

"Ungeanguka tu."

"Uliniambia niende nikacheze."

"Nilikuambia ukatimize idadi."

"Hukusema hivyo."

Akainuka, akatupia viatu begani, akaenda zake. Wengine walimfuata. Nilirudi Kariakoo kwa miguu na Baba, tukapita Fire, penye kituo cha zimamoto, yeye anazungumza njia nzima. Aliniambia alivyoona, jinsi nilivyomchenga yule wa kwanza, jinsi yule mkubwa alivyonikosa. Nilimwuliza kama anajua kwamba nimeifunga timu yangu.

"Najua. Nimeuliza, nikaambiwa." Akaiweka kofia yake sawa. "Sasa ulitaka nisipige makofi?"

Chuoni walinisalimia kwa kichwa tu. Mazoezini nahodha alipuliza filimbi, akatupanga, na mimi akanipanga kama ndoo au kiti. Sikuomba msamaha, kwa kuwa nilitafuta cha kuombea nikakosa. Lakini usingizi ulikuwa mgumu, na chakula sikukimaliza, na darasani mguu ulitikisika mpaka mwalimu wa forodha akaniomba nikae nyuma kabisa.

Siku moja nahodha alikuja dukani. Mama yake mdogo alikuwa na shughuli ya harusi na yeye ametumwa vitambaa. Hakujua kwamba duka lile ni letu, mpaka alipomwona Baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Baba akamkazia macho. "Si wewe uliyekuwa unamkimbiza huyu?"

Nilikuwa nyuma ya majora ya vitenge. Nilitamani kuingia ndani ya moja.

"Ndiyo mimi."

"Una mbio, wewe! Kwa mwili ule, mbio zile! Kidogo tu umpate."

Nahodha alijizuia, nikamwona anavyojizuia, kisha kicheko kikamtoka puani. Akageuka haraka kuangalia vitambaa. Alichagua, akalipa, akaaga kwa adabu, na kwangu hakusema neno. Ila alipotoka alinigonga bega kwa bega lake, kwa nguvu kidogo. Sikujua ni hasira au ni salamu. Nilikaa na bega lile siku nzima.

Mechi ya mwisho tulifungwa, kwa haki kabisa, na timu iliyotuzidi kila kitu. Mimi nilicheza na jezi moja tu, na sikufunga. Tulirudi pamoja, tukafika mtaa wa Msimbazi penye msongamano wa watu wanaonunua vitu vya jioni, kila mtu akaanza kushika njia yake. Nahodha akasimama.

"Kesho mazoezi," akasema.

"Ya nini?" nikamuuliza. "Ligi imeisha."

"Kwani nimesema haijaisha?"

Asubuhi yake tulifika watano. Uwanja wetu ulikuwa umezungushiwa mabati mapya ya bluu, na mlinzi amekaa mlangoni na redio. Alisema kuna mradi, yeye hajui wa nini, ila hakuna kuingia. Mafundi walikuwa bado hawajafungua. Tulisimama pale, mpira mkononi mwa nahodha, na nikahisi muwasho ule ule unanipanda kutoka kwenye nyayo.

Nahodha akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya wauguzi.

"Haya, wewe mwenye miguu. Tunaenda wapi?"

Sikufikiri. Niliondoka mbio kuelekea Kariakoo, na nikasikia viatu vyao nyuma yangu. Tulikimbia katikati ya barabara, maduka yamefungwa, wafagiaji tu na magari ya nyanya yakishusha. Mpira ulikuja kutoka nyuma, nikaudaka, nikaurusha nyuma. Ulipita kwa mmoja hadi mwingine, ukarudi. Mzee mmoja aliyekuwa anapanga ndizi alitupigia kelele tuangalie meza yake. Hakuna aliyeangusha mpira mpaka tulipofika Mnazi Mmoja, na hapo aliyeuangusha ni nahodha, kwa kucheka.

Mwaka uliofuata chuo hakikusajili timu. Nahodha alimaliza akaenda Mtwara, anafanya kazi bandarini, na akinipigia simu huanza kwa kuniuliza nimesimama wapi, kwa sababu anasikia kelele za njiani. Mimi nilipata kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo, Posta, ghorofa ya sita. Lifti ipo, siitumii. Jioni nikitoka nashuka ngazi kwa kukimbia, na mlinzi wa chini ananiuliza kila siku ninawahi nini, nami hadi leo sijapata la kumwambia.